Kiasi bila asili: kuhesabu hitaji la jamii kabla ya kuliombea msaada

Wenyeviti wa LC1, yaani halmashauri za vijiji, viongozi wa RWC, halmashauri za wakimbizi, kutoka makazi ya wakimbizi ya Kyaka II hapa Kyegegwa, maimamu na wachungaji, akina mama wa vikundi vya akiba, na nyinyi vijana mliokuja na simu zenye chaji: salamu kwenu nyote, na asanteni kwa kuliacha jembe siku ya leo.

Katika hesabu za sehemu, namba iliyo juu ya mstari huitwa kiasi, na iliyo chini huitwa asili. Maandiko mengi ya miradi yanayotoka kwenye vikundi vidogo hapa Uganda yana ugonjwa mmoja: yana kiasi, hayana asili. "Watoto 140 hawaendi shule." Kati ya wangapi? Kama ni 140 kati ya 200, hapo pana maafa. Kama ni 140 kati ya 3,000 wa gombolola nzima, yaani wa parishi kadhaa pamoja, hawafiki hata asilimia 5, na huenda gombolola jirani ina hali mbaya kuliko yenu. Mfadhili hawezi kujua yupo mbele ya lipi kati ya hayo mawili, kwa hiyo anaweka karatasi pembeni na kuchukua nyingine. Karibu yote nitakayosema leo ni juu ya kuipata hiyo asili, maana haiokotwi njiani.

Wengi hukimbilia namba za taifa kwa sababu zipo tayari na zina mhuri. Sensa ya Mei 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, kutoka milioni 34.6 mwaka 2014. Utafiti wa kaya wa 2019/20 uliweka asilimia 20.3 ya watu chini ya mstari wa umaskini, na Karamoja asilimia 65.7. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 24 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba. Namba hizi zinafaa kwa sentensi moja ya kufungulia andiko, basi. Juu ya kijiji chako hazisemi kitu. Tena kuna mtego ndani yake: sensa huhesabu watu wote, na Ofisi ya Takwimu, UBOS, hutoa idadi yake hadi parishi, yaani vijiji kadhaa pamoja, lakini zile tafiti nyingine ni za sampuli, na zilipangwa kutoa majibu ya nchi na ya kanda kama Tooro, Ankole au Karamoja. Hazikuhoji kaya za kutosha kusema juu ya wilaya, seuze parishi. Anayenakili namba ya kanda na kuiandika kama ya wilaya yake atanaswa na msomaji wa kwanza anayeijua kazi hii, na kuanzia hapo hazitaaminiwa hata namba alizohesabu kwa miguu yake mwenyewe.

Mtego wa pili ni mipaka. Wilaya zetu hukatwa kama mikate. Kyegegwa ilitoka Kyenjojo mwaka 2010. Kikuube ilitoka Hoima mwaka 2018, na makazi ya Kyangwali yakaenda nayo; atakayelinganisha "Hoima" ya 2014 na "Hoima" ya 2024 bila kuuliza mipaka atadhani watu wametoweka. Makazi ya Rhino Camp tuliyazoea kuwa Arua, leo yamo Madi-Okollo na Terego. Magombolola na parishi nazo hugawanywa, mara nyingine mji mdogo ukitangazwa. Kabla hujaweka miaka miwili kwenye mstari mmoja, mwombe mtu wa mipango wa wilaya akuonyeshe parishi yako ilikuwa na vijiji gani mwaka ule na ina vipi sasa. Wala usichukue namba ya 2014 ukaizidisha kwa ukuaji wa taifa, ambao ni takriban asilimia 2.9 kwa mwaka. Magombolola yanayoizunguka Kyaka II yalipokea Wakongomani wengi kuanzia mwisho wa 2017. Huko hesabu ya 2014 ni ya dunia nyingine.

Na mjue kwamba Uganda ina kovu kwenye jambo hili. Mwaka 2018 wakimbizi wote walihakikiwa upya kwa alama za vidole, na hesabu iliyokuwa zaidi ya milioni 1.4 ikashuka hadi karibu milioni 1.1. Wafadhili wanalikumbuka. Ukiwaletea orodha ya makazi au ya vijiji jirani, swali lao la kwanza, hata wasipolitamka, ni hili: nani alihesabu, na nani alikagua?

Basi turudi kijijini. Kijiji cha kawaida kina daftari zisizopungua tatu, na hakuna mbili zinazokubaliana. Wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, wana la kwao. Mara nyingi liliandikwa upya wakati wa kugawa vyandarua, kwa hiyo watoto waliozaliwa baadaye hawamo na marehemu bado wamo. Mwenyekiti wa LC1 ana lake. Lina wenye mashamba, hata wanaoishi Kampala, lakini wapangaji na waliohamia mwaka jana limewasahau. Chifu wa parishi ana la Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ule ulioanza 2022, wa shilingi milioni 100 kwa parishi kwa mwaka. Ni daftari pana lenye mengi ndani, ila kumbukeni: panapogawiwa kitu kwa kaya, kaya huzaliana. Baba na mwanawe wanaokula chungu kimoja huweza kuandikwa kaya mbili. Kwa hiyo kabla ya yote kubalianeni juu ya maana ya kaya, na maana inayofaa ni ile ya watu wanaolala pamoja na kula kutoka chungu kimoja. Mume mwenye wake wawili na vyungu viwili ana kaya mbili. Yeye mwenyewe msimhesabu mara mbili.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilokaguliwa nalo hupoteza. Njia ya kulikagua ni hii. Chukueni daftari lililo bora kati ya matatu, tuseme lina kaya 300. Chagueni majina 30 kwa kura, mkayatafute kwa miguu. Mkiyapata 27, asilimia 10 ni hewa. Kisha geuzeni kazi: simameni kwenye nyumba 30 zilizotawanyika kijiji kizima, mtafute kila moja kwenye daftari. Zikiwemo 24, daftari limeacha asilimia 20. Hesabu ya kweli ni 300 mara 0.9, gawanya kwa 0.8, yaani karibu kaya 338. Wengi hufanya nusu ya kwanza tu, ile ya kutafuta hewa, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa. Ya pili ndiyo yenye faida, maana walioachwa nje ya daftari huwa ndio maskini zaidi: mjane anayelala jikoni kwa shemeji, familia iliyofika juzi, mlinzi wa ng'ombe. Makosa yakiwa makubwa kama haya, msirekebishe kwa hesabu ya karatasini peke yake. Andikeni orodha mpya ya kijiji kizima. Watu wawili, mmoja wa LC1 na mmoja wa VHT, wanaweza kuimaliza kwa siku chache.

Sasa nichukue maji, kwa sababu nusu ya maandiko hapa ni ya maji, na kwa sababu yanaonyesha vizuri jinsi namba ya serikali inavyoweza kuwa sahihi na kupotosha kwa wakati mmoja. Wizara ya Maji ina atlasi inayoorodhesha vyanzo kwa wilaya na gombolola. Kisima cha pampu ya mkono huhesabiwa kuwatosha watu 300, chemchemi iliyojengewa watu 200. Parishi ya watu 2,400 yenye pampu 8 itasomeka asilimia 100. Ukisimama kwa mfadhili kuomba maji, atafungua atlasi na kukuuliza kulikoni. Kwa hiyo nendeni kwenye kila pampu, moja moja. Tuseme 3 zimeharibika na 1 inatoa maji mekundu yenye kutu. Pampu hii ya mwisho watu huisahau. Mahali ambapo maji yana asidi, mabomba ya chuma ndani ya kisima huoza, maji hunuka chuma na kuchafua nguo na ugali, na akina mama hulirudia dimbwi. Kwenye kitabu pampu hiyo ni nzima. Zimebaki 4 mara watu 300, yaani watu 1,200, nusu ya parishi. Asilimia 100 imekuwa 50, na kila chanzo mmekigusa.

Msiishie hapo. Jazeni jerikeni ya lita 20 mkipima kwa saa ya simu. Pampu nzuri hutoa karibu lita 10 kwa dakika, yaani jerikeni kwa dakika 2. Sasa pigeni hesabu: watu 300, kila mmoja lita 20 kwa siku, ni lita 6,000. Kwa lita 10 kwa dakika ni dakika 600, saa 10 za kupampu bila mkono kupumzika, bila mtoto kuchezea mpini, bila foleni kugombana. Kigezo cha watu 300 chenyewe kimebana. Pampu inayojaza jerikeni kwa dakika 4 inawatosha watu 150 tu. Namba hiyo haimo kwenye atlasi yoyote. Inapatikana kwa jerikeni na simu.

Hapo pia ndipo mtakapojizuia kosa linaloua maandiko mazuri: kuandika suluhisho mahali pa hitaji. "Hitaji letu ni kisima kipya." Hapana. Hitaji ni muda na lita. Mkishapima, mnaweza kugundua kwamba pampu mbili kati ya tatu zilizokufa zinahitaji fundi wa pampu, mabomba na mpira wa ndani, kazi ya gharama ndogo sana ukilinganisha na kuchimba. Mfadhili akiona mmeliona hilo wenyewe, mnakuwa watu wa kuzungumza naye.

Kwa habari za ndani ya kaya, lazima muulize watu, na hamwezi kuwauliza wote. Mkitaka jibu lenye kosa lisilozidi asilimia 10 juu au chini, kaya 96 zinatosha kwa eneo kubwa. Kwa orodha yenu ya kaya 338 zinashuka: gawanya 95 kwa 338, jumlisha 1, kisha gawanya 96 kwa jibu hilo, ni kama 75. Ongezeni kiasi kwa ajili ya watakaokosekana, iwe 84. Orodha ya 338 kwa 84 ni kila kaya ya nne. Pigeni kura ya namba 1 hadi 4, mkianzia 3, chukueni ya 3, ya 7, ya 11, hadi mwisho wa orodha. Mkitaka kosa la asilimia 5 mtahitaji karibu kaya 384 kwa eneo kubwa, na kwa mradi wa kikundi kidogo huo ni upotevu wa viatu.

Kinachoharibika katika hatua hii ni mlango uliofungwa. Mhojaji amechoka, jua kali, anaingia nyumba ya jirani ambako mama yupo. Lakini nyumba iliyofungwa saa nne asubuhi ni ya watu walio kisimani au kwenye kibarua, hao hao mnaowatafuta. Rudini mara mbili, moja iwe jioni, ndipo muandike "hawakupatikana". Na msibadilishe kaya. Kuhoji walio karibu na barabara, au waliohudhuria mkutano, kutawapa picha ya walio karibu na barabara na waliohudhuria mkutano.

Swali nalo lina ufundi wake. "Je, mna shida ya maji?" Hakuna atakayesema hapana mbele ya mtu mwenye kitambulisho shingoni. Ulizeni lililotokea jana: jana mlichota jerikeni ngapi za lita 20? Kutoka chanzo kipi? Nani alikwenda? Kwenda, foleni na kurudi, alitumia muda gani? Kipimo cha kimataifa cha huduma ya msingi ni dakika 30 kwenda na kurudi, foleni ikiwemo, kwa hiyo lipeni swali lenu umbo hilo ili mpate kujilinganisha. Mkijumlisha muda, tumieni namba ya katikati badala ya wastani. Kaya tano zenye dakika 20, 25, 30, 35 na 240 zina wastani wa 70, dakika ambazo hakuna kaya hata moja inayozitumia. Ya katikati ni 30. Ile ya 240 itajeni peke yake, maana ina sababu yake.

Kabla ya kuanza, wahojaji wawili wahoji kaya moja, kila mmoja kwa wakati wake, muone kama majibu yanakubaliana. Na tafsirini maswali siku moja kabla, kwa Kiswahili, Rutooro, Runyankore-Rukiga au lugha yoyote ya kijiji, kwa maneno yaliyoandikwa. Kila mhojaji akitafsiri kichwani mwake, mnakuwa na maswali mengi kuliko mnayoyajua. Fomu ya simu kama KoboToolbox hufanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye. Mahali pa chanzo pakamateni kwa GPS ya simu nje, chini ya anga wazi, na msubiri usahihi ushuke chini ya mita 10.

Kwa afya, anzeni kituoni kabla ya kuhoji mtu. Kila kituo hujaza ripoti ya mwezi, HMIS 105, inayoingia kwenye mfumo wa wizara kupitia wilaya. Mhusika wa kituo au afisa takwimu wa wilaya anaweza kuwapa jumla bila majina. Ila isomeni kwa macho mawili. Ripoti inahesabu matukio, si watu. Mtoto aliyeugua malaria mara tatu ni matukio matatu. Dawa au vipimo vikiisha, wagonjwa huacha kuja, na ugonjwa "hupungua" karatasini mwezi huo huo unaoua. Ulizeni daima kuhusu siku za ukosefu. Asili ya kituo nayo ni makadirio: wizara huchukua wajawazito kuwa asilimia 5 ya watu na watoto chini ya mwaka 1 kuwa asilimia 4.3. Ndiyo maana mnaona chanjo imefika asilimia 130. Watoto hawakuchanjwa kupita idadi yao. Wametoka parishi nyingine, au idadi ya watu iliyowekwa chini ni ndogo kuliko iliyopo. Mkiona zaidi ya 100, msiisifie na msiifiche. Ni ushahidi kwamba kituo kinahudumia watu ambao bajeti yake haiwajui, na hilo lenyewe ni hitaji.

Shule nitazipita haraka. Andikisho lina faida kwa shule kwa sababu ruzuku hufuata idadi, kwa hiyo hesabuni vichwa darasani, siku mbili tofauti, moja isiwe siku ya soko. Vyoo hesabuni kwa mashimo yanayotumika, wavulana mbali na wasichana mbali. Kigezo ni wanafunzi 40 kwa shimo. Shimo lililojaa au lisilo na mlango lisiingie kwenye hesabu ya wasichana.

Kuna sheria pia, na si za kutisha. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa raia haki ya kuomba taarifa za serikali na kujibiwa ndani ya siku 21. Ni haki ya raia, kwa hiyo katika kikundi mchanganyiko barua isainiwe na mwanachama Mganda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa kabla ya kuchukua habari za mtu, na kwa mtoto ridhaa ya mzazi au mlezi. Habari za afya zina ulinzi wa ziada. Majina yakae kwenye karatasi moja iliyofungiwa, majibu yakae kwingine, viunganishwe kwa namba. Na msichapishe namba ndogo. "Watoto 3 wanaoishi na virusi vya UKIMWI katika kijiji fulani" ni sawa na kuwataja. Ikiwa chini ya 5, unganisheni vijiji. Kabla ya kugonga mlango wowote, shirika liwe na kibali cha kamati ya wilaya inayosimamia mashirika na makubaliano na serikali ya wilaya, kama sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 2016 inavyotaka; na ndani ya makazi ya wakimbizi, ruhusa ya mkuu wa makazi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu.

Mkifika kuandika, aya moja inatosha kubeba hitaji, na inaweza kukaa hivi: "Katika kijiji chetu chenye kaya 338, tulizoorodhesha wenyewe Januari, tulichagua 84 kwa kura na kuhoji 76. Kaya 53 kati ya hizo, karibu 7 kati ya 10, hutumia zaidi ya dakika 30 kwa safari moja ya maji. Kati ya pampu 3 za kijiji, 1 inafanya kazi, na hujaza jerikeni kwa dakika 4." Tazameni: kila kiasi kina asili yake, mwezi umetajwa, kaya 8 zilizokosekana hazikufichwa. Ongezeni sentensi moja ya kulinganisha, na jirani au na kigezo cha wizara, lakini jirani mlinganishe kwa swali lile lile na mwezi ule ule. Kisha sentensi ya nani mwingine anafanya kazi hapo. Afisa maendeleo ya jamii wa gombolola ana orodha. Hapa Kyegegwa mfadhili atauliza pia mgao kati ya wakimbizi na wenyeji, kwa sababu ya ile kanuni kwamba asilimia 30 ya msaada wa wakimbizi iwafikie wenyeji, basi wahojini kwa safu mbili tangu mwanzo. Hamtaweza kuwatenganisha baadaye.

Kabla andiko halijatoka, lisomeni kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji. Si adabu tu. Mzee mmoja atasimama na kusema pampu ya bondeni haikufa, ufunguo anao mwenyekiti wa kamati ya maji. Heri mkutano ulisikie hilo kuliko mkaguzi wa mfadhili.

Fomu za mwanzo zitunzeni, na andikeni tarehe za hesabu ya pili leo hii. Kama mlipima maji Februari, kiangazi, rudini Februari ijayo. Mkirudi Oktoba, mvua itakuwa imefupisha foleni, mabati yanakinga maji, na mradi utaonekana umefaulu hata kama hakuna pampu iliyoguswa.